Nguo zenye dawa ya wadudu: anza na miguu, si mabega

Msomaji mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi:

"Jambo Mama. Mimi ninakata layoni, zile njia nyembamba za kupimia porini, kwa timu ya wanajiolojia upande wa kaskazini, njia ya Kundelungu. Masika yaliyopita nilirudi na kupe mwili mzima, kisha nikapata kidonda cheusi kwenye paja na homa ya siku 5. Mjomba wangu ni mwindaji, anasema ndivyo pori lilivyo. Sasa kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa mjini, kuna mtu anauza mashati ya anti-mustike, yaani ya kuzuia mbu, shati 1 karibu bei ya mfuko wa unga wa kilo 25. Yanasaidia kweli? Ama nichovye mwenyewe salopeti yangu ya kazi katika dawa ya shamba, kama wenzangu wanavyofanya? Na mke wangu ana mimba ya miezi 5, ndiye anayenifulia. Sitaki kumletea sumu nyumbani."

Mwanangu, hilo swali la kuchovya ndilo lililonifanya niweke kazi nyingine kando nikujibu leo. Salopeti usiichovye katika dawa ya shamba. Kama umekwisha kuichovya, usiivae tena na mke wako asiiguse. Ifunge katika mfuko wa plastiki uitoe nyumbani.

Nitakuambia nilichokiona. Miaka ya nyuma nilikuwa ninaangalia afya ya wafanyakazi katika kambi moja ya utafiti wa madini. Vijana 2 walichukua ghalani kopo la dawa ya kunyunyizia kabeji, wakaimimina katika beseni la maji, wakachovya nguo zao za kazi, wakazianika usiku. Asubuhi zilikuwa zimekauka, wakazivaa wakaingia porini. Kufika saa sita jua limepanda, jasho linatiririka, na jasho ndilo lililoifungua ile dawa na kuipitisha ndani ya ngozi. Mmoja waliniletea amebebwa. Mate yanamtoka, machozi yanamtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, kifua kinakoroma. Tulimvua kila kitu, tukamwosha kwa maji mengi na sabuni toka nywele mpaka kucha, tukamkimbiza hospitali, na kwa neema ya Mungu akapona. Msimamizi wa kambi alikuwa ameshaandika kwenye daftari kwamba ni malaria. Nilikasirika siku ile na hasira haijaisha. Wale vijana hawakuwa wajinga. Walikuwa wanaumwa na wadudu kila siku, wakaomba kinga, hawakupewa, wakajitafutia.

Dawa nyingi za shamba ni za jamii inayopita kwenye ngozi ya mtu bila shida na kushambulia neva zake kama zinavyoshambulia za mdudu. Na hata ukipata kopo la shambani lililoandikwa jina linalofanana na lile nitakalokutajia chini, nguvu yake na mafuta yaliyochanganywa humo vimepimwa kwa ajili ya majani, havikupimwa kwa mgongo wa mtu anayetoka jasho saa 8 kwa siku. Dawa ya kuchovyea vyandarua nayo usiitie kwenye nguo. Mara nyingi ni deltametrini: juu ya chandarua haina neno, lakini ikikaa kwenye ngozi yenye jasho inawasha na kuchoma kama pilipili, usoni na mapajani zaidi.

Dawa ya nguo ina jina lake: permetrini. Kumbuka jina hilo kuliko jina la duka lolote.

Asili yake ni ua. Wazee wa Kivu wanaijua pareto, ua jeupe kama la daisi lililolimwa sana kwenye nyanda za juu za huko, likakaushwa na kusagwa kuwa unga wa kuulia wadudu. Unga ule ulikuwa mkali kwa mdudu na mpole kwa mtu, ila ulikuwa na kasoro 1: jua liliumaliza upesi. Wataalamu wakatafuta namna ya kutengeneza kitu kinachofanana nao lakini kinachostahimili mwanga. Mwaka 1973, Michael Elliott na wenzake katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permetrini. Inashika kwenye nyuzi za kitambaa, haina harufu ikikauka, na inakaa. Jeshi la Marekani limekuwa likiitia kwenye sare za askari tangu miaka ya 1990, na mwaka 2003 nguo zilizotiwa dawa kiwandani zikaruhusiwa huko kuuzwa kwa raia.

Sasa shika jambo hili, maana mengine yote yanatoka humo. Watu wanafikiri nguo yenye dawa ni kama moshi, kwamba inatoa kitu hewani kinachofukuza wadudu pande zote. Sivyo. Permetrini inafanya kazi kwa kugusa. Mdudu lazima akanyage kitambaa kwa miguu yake. Dawa inaingia kupitia miguu, inavuruga neva zake zisitulie, naye anatetemeka, anapooza, anaanguka. Kwa hiyo mdudu anayetembea muda mrefu juu ya nguo yako atapata kipimo kamili. Anayetua kidogo atapata kidogo. Anayekuchoma shingoni, mahali pasipo na nguo, hatapata chochote.

Kwa kipimo hicho, adui anayeumia kuliko wote ni kupe.

Kuna jaribio ninalolifanya kila ninapofundisha timu mpya. Ninamtoa mbwa wa kambi kupe 2 walio hai, ambao hawajashiba. Ninatandaza soksi 2 juu ya meza, moja ya kawaida, moja yenye permetrini. Kupe wa soksi ya kawaida anapanda taratibu, anasimama, ananyoosha miguu ya mbele kama kipofu anayepapasa ukuta, anaendelea. Yule wa soksi yenye dawa mwanzoni anakimbia kuliko mwenzake, na hapo vijana huniambia, Mama, dawa yako imempa nguvu! Ngojeni, ninawaambia. Baada ya dakika chache anaanza kuinua miguu mmoja mmoja kama mtu aliyekanyaga majivu ya moto. Halafu anayumba. Halafu anateleza na kuanguka mezani chali, miguu 8 ikicheza hewani. Tangu siku ile sihitaji kumwambia mtu yeyote avae soksi zake.

Tena kupe haanguki toka mtini, ingawa tunaambiwa hivyo tangu utoto. Wengine wanangoja kwenye ncha ya majani, chini ya goti lako. Wengine wanakufuata ardhini wakivutwa na pumzi yako na mtetemo wa hatua zako. Karibu wote wanaanzia mguuni na kupanda juu mpaka wapate mahali pa joto na pa siri: nyuma ya goti, pajani, kiunoni, kwapani. Kidonda chako kilikuwa pajani. Yule kupe aliingilia chini ya suruali akatembea juu ya ngozi yako mpaka pale.

Ndiyo maana ninasema fedha yako isianze na shati. Anza na soksi na suruali. Soksi ndefu zenye dawa, suruali yenye dawa, na mdomo wa suruali uingie ndani ya soksi, hata kama wenzako watacheka. Ukivaa bote za mpira, soksi ipande juu ya bote na suruali iingie humo. Hapo kupe hana njia nyingine ila kutembea juu ya dawa toka kifundoni mpaka kiunoni, na wengi hawafiki gotini. Shati ni la mwisho, ukipata fedha, nalo lichomekwe ndani ya suruali.

Hili limepimwa kwa watu wa kazi kama yako. Huko North Carolina, Marekani, wafanyakazi wa misitu na mbuga waligawanywa, wengine wakapewa sare zilizotiwa permetrini kiwandani na wengine sare zao za kawaida. Mwaka wa kwanza waliovaa dawa waliumwa na kupe pungufu kwa asilimia 80 na kidogo zaidi. Mwaka wa 2, nguo zikiwa zilezile zimefuliwa na kufuliwa, kinga ikashuka hadi karibu theluthi. Weka akilini namba hizo 2 pamoja. Ya kwanza inaonyesha kwamba kitu hiki ni cha kweli. Ya 2 inaonyesha kwamba kina mwisho, na mwisho wake uko kwenye beseni la kufulia.

Kwa mbu maneno yangu ni ya tahadhari zaidi. Nchini Kolombia, katika miaka ya 1990, askari waliovaa sare zenye permetrini walipata malaria asilimia 3, na wenzao wenye sare tupu asilimia 14. Ni tofauti kubwa. Lakini mbu wetu wa Kongo, kama wa sehemu nyingi za Afrika, wamezoea dawa za jamii hii baada ya miaka mingi ya vyandarua na dawa za kupuliza, na wengi wanaigusa wakaondoka wazima. Isitoshe mbu anatafuta ngozi iliyo wazi, na ukiwa umekaa jioni kando ya moto anapenda vifundo vya miguu. Soksi itasaidia hapo. Shingo, masikio na mikono vinahitaji dawa ya kupaka yenye DEET asilimia 20 hadi 30 au pikaridini asilimia 20, na usiku ni chandarua. Nguo haichukui nafasi ya chandarua hata siku moja. Permetrini yenyewe usiipake mwilini kufukuza mbu. Ngozi inaivunja upesi na haitakusaidia kitu.

Adui wa 3 ni mbung'o, na hapa salopeti yako inaniuma moyo. Hukuandika rangi yake, lakini ninaona kila asubuhi malori yanavyobeba vijana wa layoni kutoka mjini, na karibu wote wamevaa buluu iliyokoza. Mwanangu, buluu ndiyo rangi ya mtego wa mbung'o. Huko Kwilu, magharibi mwa nchi, wanaopambana na ugonjwa wa malale wanasimika kando ya mito vipande vidogo vya kitambaa cha buluu vilivyoshonewa wavu mweusi wenye dawa. Mbung'o anaiona buluu toka mbali, anaifuata akidhani ni mnyama, anagonga wavu, anakufa. Nyeusi nayo inamvuta atue. Sasa wewe unavaa mtego huohuo mwilini na kuingia nao kwenye vichaka vya mtoni. Permetrini haijathibitika kuwa kinga nzuri dhidi ya mbung'o: anatua, anachoma, anaruka, haichukui muda, na mdomo wake unapita kwenye kitambaa chepesi. Kinachosaidia ni rangi na uzito wa nguo. Kaki, kijani iliyopauka, rangi ya mchanga. Kitambaa kizito kiasi, kisichobana, ili mdomo wa mbung'o ukipita usiifikie ngozi. Gilee ya usalama ya rangi ya machungwa ivae juu kama mkubwa wa kazi anaidai, ila chini yake pawe kaki.

Ongea na mkubwa wako juu ya rangi. Msiende mmoja mmoja, nendeni timu nzima. Kitambaa cha kaki hakina sababu ya kumgharimu kuliko cha buluu, na mwajiri anayenunua salopeti 40 anaweza kuchagua rangi siku ileile anayotoa oda.

Tuje kwa yule muuzaji wa soko la Kenya. Sijaliona shati lake, kwa hiyo silihukumu, lakini nitakupa macho ya kuliangalia. Uliza ni dawa gani. Akisema ni ya kufukuza mustike tu, uliza jina. Tafuta ndani ya shingo au kiunoni kibandiko kilichoandikwa permetrini, kwa Kifaransa perméthrine, na idadi ya kufua ambayo kiwanda kinaahidi. Nguo nzuri za kiwandani huahidi hata kufua mara 70. Kisha nusa. Shati likinukia mchaichai au limau, huenda limepuliziwa mafuta ya sitronela, ambayo hukimbiza mbu kwa saa chache na kuisha. Permetrini iliyokauka hainuki kitu. (Mwambie mjomba wako hilo: mnyama hatamsikia kwa sababu ya dawa.) Kama bado una shaka, fanya jaribio langu: mtoe kupe kwenye mbwa wa jirani, mweke juu ya kitambaa, umtazame dakika 10 mbele ya muuzaji. Akikataa jaribio, weka fedha yako mfukoni.

Mimi ningekuwa wewe, fedha ya shati moja ningeinunulia chupa ya permetrini ya kunyunyizia nguo, ya maji, nguvu asilimia 0.5, iliyoandikwa wazi kwamba ni ya nguo. Hapa mjini si rahisi kuipata. Agiza kwa mtu anayesafiri, au timu ichange iagize kwa pamoja, na bora zaidi mwajiri ainunue kama anavyonunua kofia na glovu. Chupa moja inatosha suruali na soksi za watu kadhaa, na unatumia nguo ulizo nazo tayari.

Namna ya kuitia: fanya nje, siku isiyo na upepo, watoto wakiwa mbali. Vaa glovu. Tundika suruali kwenye kamba, simama upepo ukiwa mgongoni, nyunyizia toka umbali wa kiganja na nusu, mbele, nyuma, na zaidi toka gotini kwenda chini, mpaka kitambaa kiwe na unyevu sawasawa bila kudondosha matone. Soksi zilaze uzigeuze. Viatu vya kitambaa na kamba zake usivisahau, pamoja na mikanda ya begi. Nguo za ndani usizitie, wala ndani ya kofia. Acha zikauke kabisa kivulini, saa 2 hadi 4, wakati wa mvua zaidi. Usivae nguo yenye unyevu wa dawa. Ukishafanya hivyo kinga inakaa takriban wiki 6 au kufuliwa mara 6, kisha unarudia.

Sasa mke wako. Ninakusifu kwa kumfikiria kabla ya kununua, maana wengi huuliza mambo haya mtoto akishaugua.

Permetrini iliyokauka kwenye nguo haipiti kirahisi kwenye ngozi ya mtu. Kinachoingia ni chini ya sehemu 1 katika 100, na mwili unakivunja na kukitoa kwa mkojo upesi. Ni dawa ileile inayotiwa katika baadhi ya vyandarua tunavyolalia na watoto wachanga. Ni ileile iliyo katika krimu ya kutibu upele, nguvu asilimia 5, mara 10 ya ile ya nguo, ambayo mgonjwa anajipaka mwili mzima na kulala nayo. Mamlaka ya mazingira ya Marekani iliipitia upya mwaka 2009, ikahesabu na watoto wadogo, na watu wanaovaa nguo hizi kazini miaka na miaka, ikaona hatari yake ni ndogo. Haikupata dalili kwamba inadhuru mimba. Kwa hiyo mke wako akigusa suruali yako iliyokauka, au akiifua, usiogope.

Hata hivyo mpangie kazi kwa heshima ya hali yake. Kunyunyizia ni kazi yako, yeye akae mbali mpaka zikauke. Nguo zile zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za mtoto. Maji baridi, sabuni ya kawaida, bila javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, maana javeli inaimaliza dawa. Kuloweka usiku kucha hapana. Kupiga juu ya jiwe na kusugua kwa brashi ndiko kunakoing'oa dawa kwenye nyuzi, na hapa ndipo ninapozitilia shaka ahadi za viwanda: mara 70 zao ni za mashine inayozungusha taratibu, na mikono ya mama wa Katuba haifanani na mashine ile. Hesabu nusu. Lakini siri kubwa ni kufua mara chache. Suruali ya porini ikikauka matope, kung'uta, anika ndani, vaa tena. Nguo zako za ndani ndizo zibadilishwe kila siku. Dobi anayesafisha kwa dawa kavu usimpe kabisa.

Kuna na inzi wa maembe, yule anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au majanini, kisha funza anaota chini ya ngozi kama jipu. Usitegemee permetrini ikulinde naye. Anika ndani ya nyumba au nyuma ya wavu, na nguo ambazo hazina dawa, hasa za mtoto atakayezaliwa, zipigwe pasi ya makaa pande zote 2, kwenye mishono zaidi.

Maji ya kufulia yasiende kwenye mto, kisima, wala bwawa la samaki la jirani. Kwa samaki dawa hii ni kali sana, tone dogo linamaliza vifaranga. Yamwage juu ya udongo mkavu mbali na maji. Permetrini inang'ang'ania udongo na haisafiri mbali. Paka naye ni wa kulindwa: ini la paka haliwezi kuivunja dawa hii, na akilalia nguo mbichi anaweza kufa kwa degedege. Mbwa hana shida hiyo. Na kama mjomba anarina asali miombo ikichanua, asiende na nguo iliyonyunyiziwa jana kwenye mizinga yake. Nyuki wataumia, na haitamzuia nyuki hata mmoja kumchoma.

Mjomba nina lingine la kumwambia. Mnyama akishakufa na mwili ukaanza kupoa, kupe wanamwacha na kutafuta joto jingine. Mwindaji anayembeba swala mabegani anawapa daraja la moja kwa moja mpaka shingoni, juu ya mstari wote wa suruali na soksi tuliouhangaikia. Abebwe kwenye mti kati ya watu 2, na wakati wa kuchuna avae glovu. Kupe wetu wanabeba maradhi zaidi ya kidonda. Homa ya kutoka damu wanayoiita ya Krimea na Kongo imepata sehemu ya jina lake hapa, virusi vyake vilipotolewa katika damu ya mgonjwa huko Kisangani mwaka 1956, nayo huambukiza kwa kupe na kwa damu mbichi ya mnyama.

Kidonda chako cheusi, kama kilikuwa kama mahali palipochomwa sigara, na homa, na maumivu ya kichwa, na tezi za kinena zimevimba, basi kilifanana sana na homa ya kuumwa na kupe, inayoletwa na vijidudu viitwavyo rikesia. Sikukuona, kwa hiyo sisemi ndiyo. Lakini ikirudi usinywe dawa za malaria ukangoja. Nenda kituo cha afya ufanyiwe kipimo cha malaria, uonyeshe kidonda, useme wazi kwamba unafanya kazi porini na uliumwa na kupe. Neno hilo ndilo litakalomfanya muuguzi afikirie doxisiklini, dawa ya bei ndogo inayoimaliza homa hiyo. Na ukirudi na homa zinazokuja na kwenda kwa wiki nyingi, usingizi wa mchana, au tezi zimevimba nyuma ya shingo, omba upimwe malale. Siku hizi wagonjwa wengi wanatibiwa kwa vidonge vya siku 10.

Kupe aliyekwisha kung'ata usimmwagie petroli wala kumchoma kwa njiti. Mshike kwa koleo ndogo karibu kabisa na ngozi, mvute wima, polepole, bila kumzungusha. Kisha sabuni na maji. Kila jioni, kabla ya kula, vueni nguo mkaguane wawili wawili kwa tochi: nyuma ya magoti, kinena, kitovu, kwapa, nyuma ya masikio. Ni dakika 5.

Na mahali pa kulala. Nyumba za udongo za wawindaji, zile zilizoachwa, zina papasi, kupe wa ndani ya nyumba, katika nyufa za sakafu. Papasi hapandi kwenye majani, anakungoja ulale, anatoka gizani, ananyonya nusu saa na kurudi ufa wake, nawe asubuhi hujui kitu. Ndiye analeta kimputu, homa inayoisha na kurudi. Mwaka 1905 daktari Mwingereza, Joseph Dutton, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huo hapahapa Kongo, alikufa Kasongo akiwa nao mwilini. Suruali yako ya dawa haikulindi humo, kwa sababu usiku umeivua. Timu ilale kwenye hema jipya au vitanda vya kambi vilivyoinuliwa, mbali na ukuta, chandarua kikiingizwa chini ya godoro. Mjomba akikuonyesha kibanda chake cha zamani, mwambie asante, kisha funga hema lako hatua 30 kutoka pale.

Jambo la mwisho ni la kalamu. Nunua ile ya wino usiofutika, na ndani ya kiuno cha suruali uandike tarehe uliyonyunyizia. Kila ikifuliwa, mke wako au wewe mtie kistari kimoja. Vikifika 6, au wiki 6 zikipita, nyunyizia tena, uandike tarehe mpya. Fanya hivyo na kwenye mfuko wa soksi.